Miaka Yangu ya Kuandaa Matumbo kwa Picha

Wadogo zangu wa chumba cha picha, siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema "asanteni," nikakaa. Mshereheshaji akadhani spika imeharibika. Spika ilikuwa nzima. Ni mimi tu, na mnanijua. Sasa niko nyumbani, nina meza na asubuhi zisizo na haraka, nimeona niandike yale niliyopaswa kusema. Shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu huenda polepole, kwa hiyo nitaandika mambo machache ninayoyajua vizuri. Majina ya wagonjwa na ndugu zao nimeyabadilisha.

Mimi ni mtu wa Itumba, kule Ileje. Nilikuja Tunduma nikiwa msichana, kukaa kwa dada yangu aliyekuwa akiuza vitenge karibu na mpaka. Alitaka nimsaidie dukani, lakini duka linataka mdomo. Mteja akiuliza bei nilikuwa namtazama miguu, naye anahamia duka la pili. Mwisho dada akaniambia, "Sekela, wewe tukutafutie kazi ambayo watu hawataki kuongea." Akanipeleka hospitali. Wakanipa ufagio na ndoo.

Sikukaa sana na ufagio. Mhudumu wa chumba cha eksirei alihama, na mkuu wetu akatazama nani kati ya wafagiaji hana maneno mengi. Nikapelekwa kwa Mama Salima, aliyekuwa akiandaa wagonjwa wa picha ya utumbo mpana. Mama Salima alitoka Tanga, alimfuata huku mumewe mwenye malori, na maneno alikuwa nayo ya kututosha wote wawili. Sauti yake ilifika getini. Mgonjwa wake wa kwanza nikiwepo alikuwa bwana mmoja wa kutoa mizigo forodhani, mwenye suti na viatu vinavyong'aa. Aliniona nimeshika kopo la enema, lile la kuingizia maji kwa nyuma, na mpira wake, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Huyu mtoto ndiye ataniwekea huo mpira?"

"Kama humtaki, baba, nikuitie mlinzi wa getini," alisema Mama Salima. "Ila mikono yake umeiona."

Yule bwana alivua suti, akalala.

Mimi nilitazama sakafu muda wote. Tulipomaliza na yeye amekimbilia chooni, Mama Salima aliniambia jambo ambalo nimewaambia wengi wenu. "Mwanangu, ukitazama chini kwa haya, mgonjwa anadhani umeona kitu kibaya mwilini mwake. Tazama mpira. Mpira hauna haya." Tangu siku hiyo nilitazama mpira. Haya yangu haikuisha, lakini ilipata mahali pa kukaa.

Alinifundisha mengine kwa vitendo. Maji yawe ya uvuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, uyajaribu kwa ndani ya mkono, siyo kwa vidole, maana vidole vya mfanyakazi vimeshazoea moto. Toa hewa kwenye mpira kabla ya kuuingiza. Mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, akunje goti la juu. Mwambie utakachofanya kabla ya kukifanya. Tumbo likimbana, bana mpira, mwambie apumue kwa mdomo, subiri. Usitundike kopo juu sana kama unamwagilia bustani. Na kabla ya yote, nenda kahakikishe chooni hamna mtu. Hilo la mwisho nililijua kwa njia ngumu, na mgonjwa alikuwa mchungaji, basi tuishie hapo.

Wakati ule picha ilipigwa kwa dawa nyeupe nzito, kama chokaa ya kupaka ukuta, iliyoingizwa kwa nyuma ili utumbo uonekane. Daktari aliwahi kunionyesha kwa nini tunahangaika. Aliweka picha mbili kwenye taa. Katika ya kwanza palikuwa na kivimbe. Katika ya pili palikuwa na vivimbe vinane, tisa. Akaniuliza yupi mgonjwa zaidi. Nikamwonyesha wa pili kwa kidole, maana kusema niliogopa. Akacheka. Wa pili hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa amekula maharage. Choo kilichobaki tumboni huweza kufanana na uvimbe, na uvimbe wa kweli huweza kujificha nyuma ya choo. Kwa hiyo sisi tukifanya kazi vibaya, daktari anatazama shamba lililojaa magugu na kuambiwa atafute mche mmoja.

Mtaona baadaye kwamba mpira na dawa ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni chakula, na chakula hakikai hospitali. Kinakaa kwa watu.

Maelekezo mnayajua. Siku chache kabla, aache maharage, mboga za majani, karanga, mapera na mahindi ya aina yoyote yenye maganda. Siku ya mwisho ni vinywaji tu, tena vile vinavyopitisha mwanga. Mwenye kisukari, moyo au figo, daktari aamue kwanza dawa gani na kiasi gani, msijifanye mnajua. Nilikuwa nayasema hayo kwa sauti yangu ndogo, mgonjwa anaitikia vizuri kabisa, kisha anakwenda kufanya kama alivyozoea kwao. Dereva mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka aliambiwa anywe vinywaji tu. Akanywa munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi na mizizi wanayoipenda Wazambia, ndoo nzima, akaja anatabasamu. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, mtu wa swala tano, aliambiwa asile, akafunga kama Ramadhani, bila hata tone la maji. Jua lilipozama akafuturu kwa tende, chapati na uji wa pilipili manga. Mama Salima alimpokea asubuhi yake. "Sheikh," alimwambia, "thawabu umepata. Picha hujapata."

Ndipo nikaanza kutumia glasi. Nilikuwa nampa mgonjwa glasi tupu ya kioo na kumwambia, kinywaji chochote ukikiweka humu usione kidole chako upande wa pili, hicho ni chakula. Chai ya rangi iliyochujwa kidole kinaonekana. Maziwa hakionekani. Munkoyo hakionekani. Mtu ambaye hakusoma na mtu mwenye digrii wote wana kidole.

Baada ya glasi nikaongeza beseni. Lilikuwa beseni jeupe la bati lenye ua jekundu chini, nililonunua mnadani. Mgonjwa akishakunywa dawa na kwenda chooni mara nyingi, mara ya mwisho anatumia beseni. Ukiona ua vizuri, petali zote, tumbo liko tayari. Ukiona ua kama limefunikwa na ukungu, bado. Wagonjwa walipenda kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Watu wazima walikuwa wakiniita kwa furaha, "Mama Sekela, njoo, ua limetoka."

Mama Salima aliporudi kwao Tanga aliniachia chumba, vyombo, na sentensi moja. Alisema, "Usimuulize mgonjwa amekula nini. Muulize nani alikuja kumwona." Sikuielewa kwa miaka. Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Nilikuja kuielewa kwa Mzee Nzunda.

Hii ni ya juzi tu, wengi wenu mlikuwepo. Dawa nyeupe ilikuwa imeshapitwa, tuna mashine ya CT, utumbo unajazwa hewa na picha inachukuliwa mgonjwa akiwa amelala chali, kisha kifudifudi. Mashine mpya ilileta watu wenye mategemeo mapya. Walidhani sasa inaona hata kwenye uchafu. Haioni. Maharage ni maharage hata kwa mashine ya bei mbaya.

Mzee Nzunda alikuwa mkulima wa kahawa wa Itaka, mgane, mrefu, amekonda mpaka koti lilikuwa linamning'inia kama limeazimwa. Alikuwa anapata damu kwenye choo. Alikuja na watu wawili. Mmoja alikuwa dada yake mkubwa, Mama Rebeka, mama wa kanisa, anayeshika fimbo bila kuiegemea. Mwingine alikuwa Eliza, mke wa mdogo wake Mzee, mwanamke wa Kamsamba, kule bondeni kwenye mpunga. Eliza ndiye aliyekuwa akimpikia Mzee tangu mkewe afariki. Niliona jambo moja kabla ya kuambiwa lolote. Katika benchi la watu watano, Mama Rebeka alikaa mwanzo, Eliza akakaa mwisho, na Mzee akakaa katikati kama mpaka wa Tunduma na Nakonde.

Picha ya kwanza ilikuwa chafu. Daktari wetu, mtu mpole, alimweleza Mzee kwamba hawezi kutofautisha ugonjwa na chakula, arudie. Picha ya pili ikawa chafu vilevile. Mzee aliapa mbele yetu kwamba hajala. "Daktari, mimi ni mzee wa kanisa. Sijala." Na ukimtazama usoni uliona hasemi uongo.

Daktari aliniita pembeni. "Mama Sekela, huyu mtu anakwisha. Kama ni kile ninachokifikiria, bado tunaweza kukitoa. Lakini siwezi kumpeleka kwa mpasuaji na picha ya makande. Na ameniambia harudi mara ya tatu, kahawa inaiva. Kaa na hao ndugu."

Kaa na hao ndugu. Kwa mtu kama mimi hilo ni zito kuliko kuingiza mpira.

Nilimkuta Eliza bombani nyuma ya wodi, anafua shuka za shemeji yake. Nilichukua shuka moja nikaanza kukamua, maana mikono ikiwa na kazi mimi huweza kuongea. Nikakumbuka sentensi ya Mama Salima. Nikamuuliza, "Nyumbani watu wanakuja kumwona Baba?"

"Wanakuja sana, mama. Kila jioni. Na kila mtu na sufuria yake."

"Na yeye anafanyaje?"

"Hali. Anaonja tu. Kijiko hapa, kijiko pale. Nyumba saba, nyumba nane."

"Hata nilipokuwa nimewaambia vinywaji tu?"

Eliza aliacha kufua. Alitazama kama kuna mtu nyuma yangu, kisha akasema yote kwa mfululizo, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Mzee alianza kuumwa wiki ambayo Eliza alitoka kwao na samaki wakavu wa Rukwa, akampikia. Mama Rebeka akahesabu siku, akasema ni sumu, au ni kitu kibaya kuliko sumu. Habari ikatembea Itaka nzima. Ukoo ulikuwa umeshamwambia mumewe, Yohana, amrudishe mke kwao mavuno yakiisha, na watoto wabaki. Yohana alikuwa hana la kusema mbele ya dada yake.

"Sasa Baba Mkubwa hakatai chakula cha mtu," alisema Eliza. "Akikataa cha mmoja, jioni hiyo hiyo watu wanasema, kumbe hata huyu anamhofia. Akikataa changu, mimi nimekwisha. Akila changu peke yake, wanasema nimemroga hadi hasikii. Kwa hiyo anaonja vyote. Kwake huko si kula. Ananilinda, mama. Na anakufa huku ananilinda."

Nilikamua ile shuka mpaka haikuwa na maji tena.

Niwaambie wadogo zangu, hapo ndipo nilipoiona kazi yangu yote kwa ukubwa wake. Tulikuwa tumemwambia mzee huyu afunge mdomo, na kwake kufunga mdomo kulikuwa ni kumshtaki mtu. Hakuna dawa ya kuharisha inayoweza kushindana na hilo.

Nilikwenda kwa Mama Rebeka. Alikuwa amekaa kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, anachochea kuni za mtu mwingine. Nilimwamkia. Nikachuchumaa. Nikanyoosha mikono kwenye moto.

"Sema, binti. Au umekuja kuota moto?"

"Mama, Baba anaonjeshwa sana. Picha haiwezi kutoka."

"Wewe kabila gani?"

"Mndali, mama. Itumba."

"Mtoto wa Kindali anakuja kunifundisha mimi Mnyiha kumlisha ndugu yangu. Huko kwenu milimani mnakula nini zaidi ya ndizi na ukungu?"

"Ukungu ukichemshwa vizuri una ladha, mama," nikasema. Sijui yalitoka wapi. Wanawake wa jikoni walicheka, na Mama Rebeka mwenyewe akakunja mdomo ili asicheke. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingia kabla haujafungwa. Nikamwambia hivi: Mzee alazwe wodini siku chache kabla ya picha. Chakula chochote kitakachotoka Itaka kipokelewe. Asiambiwe mtu arudi na sufuria yake. Ila kitakachoingia mdomoni mwa Mzee kitoke kwenye chungu kimoja, kipikwe hapa, na yeye Mama Rebeka akione kinavyopikwa mwanzo hadi mwisho.

"Apike nani?"

Nilitazama kuni. "Aliyekuwa akimpikia, mama."

Kicheko cha jikoni kilikatika. Mama Rebeka alisukuma kuni moja ndani ya moto.

"Unajua inavyosemwa?"

"Najua. Ndiyo maana. Ukipika wewe na picha ikaonyesha ugonjwa, watu watasema alishamtilia zamani. Akipika yeye mbele ya macho yako na Baba akaamka salama kila siku, utakuwa umeona mwenyewe. Na kama ana ubaya, nani wa kumkamata zaidi yako?"

Hilo la mwisho ndilo lililompata. Mama Rebeka alikuwa hana imani na Eliza, lakini alikuwa na imani kubwa na macho yake.

Tulikwenda wote kwa Mzee. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Na wanaoleta sufuria? Nitawaambiaje?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Alimgeukia dada yake. "Dada, utaonja kwa niaba yangu. Mtu akileta, wewe onja mbele yake, useme ni kama nimeonja mimi. Kila sufuria. Usiruke hata moja."

"Na ya huyu?" Mama Rebeka alielekeza kidevu kwa Eliza.

"Nimesema kila sufuria."

Zile siku zilizofuata wodi ya wanaume ilikuwa kama harusi. Muda wa kuona wagonjwa ulipofika watu wa Itaka walishuka na vyungu: wali, kuku, kande, viazi, ndizi za nyama. Mama Rebeka alikaa mlangoni, fimbo mapajani, kijiko mkononi. Anapokea kwa mikono miwili, anaonja, anamtazama mwenye sufuria, anasema, "Ndugu yangu ameshukuru." Mtu anaondoka kifua mbele. Sufuria inahamia kwa wagonjwa wasio na ndugu, ambao hawakuwahi kula hivyo tangu walazwe. Siku ya pili Mama Rebeka alinivuta kwa pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile dawa ya Mzee ya kuharisha inaweza kubaki kidogo, maana yeye sasa tumbo limesimama.

Jikoni Eliza alipika uji mwepesi wa sembe na wali laini siku za mwanzo, kisha siku ya mwisho ikawa mchuzi wa kuku uliochujwa kwa kitambaa, chai ya rangi, maji ya sukari na chumvi. Mchuzi wa kwanza ulipoiva, Eliza alimimina kwenye glasi yangu. Nikaweka kidole nyuma. Kikaonekana. Mama Rebeka akachukua glasi akampa Eliza.

"Anza wewe."

Eliza akanywa. Mama Rebeka akanitazama mimi. Nikanywa. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo, sikusema. Ndipo yeye mwenyewe akainua glasi, akanusa, akanywa yote mpaka chini. Alikaa nayo tupu mkononi.

"Punguza chumvi," alimwambia Eliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Eliza yasiyo ya kumshuku tangu waje hospitali.

Jioni Mzee alianza dawa. Ile dawa ya unga inayochanganywa na maji ni nyingi na ladha yake mnaijua. Mwambie mgonjwa anywe polepole kwa vituo, aipoze kwanza, na baada ya kila kituo anywe kinywaji kingine cha kupitisha mwanga. Asilale mbali na choo. Apakwe mafuta ya mgando huko nyuma mapema, siyo baada ya kuchubuka, hilo watu husahau na mgonjwa hukosa uvumilivu kwa sababu ya ngozi tu. Eliza alikuwa anaipoza, Mama Rebeka anamshikia kikombe. "Kunywa, mzee wa kanisa. Ulikuwa unapenda kuonja. Onja na hii."

Asubuhi alimalizia kipimo cha pili. Kisha akaomba beseni.

Nililibeba mpaka dirishani penye mwanga. Maji yalikuwa ya njano hafifu, kama chai iliyotengenezwa na bahili. Chini yake ua jekundu lote, petali na majani na hata mkwaruzo wa pembeni. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana na nimeona ua lile mara nyingi, lakini siku hiyo nilisimama nalo dirishani kama mtu aliyepewa kombe.

Tulimpeleka kwenye mashine. Hewa ilipoanza kuingia Mzee alisema, "Binti, nimekula nini tena?" Nikamwambia ni hewa, itatoka, na ikitoka asione haya, chumba hiki kimesikia mengi. Alilala chali, akalala kifudifudi, akashika pumzi alipoambiwa.

Mimi huwa sisimami nyuma ya daktari anaposoma picha. Siku hiyo nilisimama. Alikuwa anapita ndani ya utumbo kwenye skrini taratibu, kona baada ya kona, na kuta zote zilikuwa zimetakata kama bomba jipya. Akafika upande wa kushoto, akasimama. Kulikuwa na kitu kimeshika utumbo kuuzunguka, kama mkono unaobana mpira wa maji. Hakikuwa na mahali pa kujificha.

"Hiki hapa," alisema daktari. Kisha, bila kugeuka, "Safi sana, Mama Sekela."

Vipimo vingine vilifuata, na mpasuaji akasema kimekaa mahali kinapofikika, hakijasambaa. Mzee alifanyiwa upasuaji mapema. Tulikaa nje, Mama Rebeka, Eliza na Yohana, ambaye alikuwa amekuja akiwa amenyoa ndevu kama anakwenda mahakamani. Nilikuwa zamu nyingine lakini sikuondoka. Walikaa benchi moja, na safari hii Mama Rebeka alikuwa katikati, kwa sababu alifika wa mwisho na hakukuwa na nafasi nyingine.

Mpasuaji alitoka na kopo la plastiki. Wapasuaji wetu wana desturi hiyo ya kuwaonyesha ndugu kilichotolewa kabla hakijapelekwa maabara, na ni desturi nzuri. Akasema Mzee yuko salama, anaamka. Akafunua kopo. Yohana alitazama pembeni. Eliza alifunika mdomo. Mama Rebeka aliinama mpaka miwani ikakaribia kuangukia ndani.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinamla?"

"Ndicho, mama."

"Kimeota lini?"

"Polepole sana, mama. Miaka. Kabla hata hamjajua anaumwa."

"Hiki si kitu cha kulishwa."

"Hapana, mama. Hiki kimeota chenyewe. Huota kwa watu wengi."

Mama Rebeka alinyooka. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya kitenge, akaivaa, akatazama tena ndani ya kopo ili asije akaulizwa kitu akashindwa. Kisha akamgeukia Eliza. Akamshika kiganja, akakiweka pajani mwake na kukifunika kwa mkono wake mwingine, wakakaa hivyo. Yohana alianza kulia yeye, na hakuna aliyemzuia.

Baada ya muda Mama Rebeka akaomba simu ya Yohana. Akasimama katikati ya korido, fimbo kwapani, akapiga Itaka. Alianza kwa Kinyiha, akahamia Kiswahili ili mtu yeyote aliyekuwa karibu asipitwe.

"Ni uvimbe. Nimesema ni uvimbe, umeota wenyewe, nimeuona kwa macho yangu mawili, mkubwa kama ngumi. Hapana. Hapana, sikiliza wewe. Hakuna sumu. Nani alisema sumu? Basi kama ni mimi, leo mimi ndiye ninayesema hakuna. Wifi yangu ndiye aliyempikia mpaka wakaweza kuuona. Ndiyo, Eliza. Nimekunywa mchuzi wake mwenyewe na nimesimama hapa naongea na wewe. Nenda kawaambie wa kule juu. Mimi nampigia mchungaji."

Akapiga kwa mchungaji. Akapiga kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akapiga kwa mwenye mashine ya kusaga, maana huko ndiko habari zinakosagwa. Kila mmoja alianza naye upya, kutoka uvimbe hadi mchuzi, na kila mara sauti ilipanda. Wagonjwa walitoka wodini kusikiliza. Muuguzi alichungulia, akanitazama mimi.

Ukutani pale pana kibao cha kuwaomba watu wanyamaze, na kuwakumbusha ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Nilipita mbele ya Mama Rebeka na beseni langu, nikamwachia korido yote.